Kumchagulia Mtoto Kitabu cha Piramidi

(Mazungumzo na wazazi wanakisomo wa Kilosa na Mikumi)



Leo tuna mazungumzo juu ya vitabu vya watoto, na hasa vitabu vya piramidi za Misri. Huenda mwingine anajiuliza: kwa nini piramidi? Mbona hatusemi juu ya mpunga, au juu ya tembo wanaoingia mashambani kule Mikumi? Hayo yana siku zake. Tumechagua piramidi kwa sababu watoto wenyewe wanaziulizia. Sisi tunaotunza kabati la vitabu tunaona. Kitabu chenye picha ya piramidi kikiwekwa mezani, watoto wa kila umri wanakikimbilia: wa chekechea, wa darasa la tatu, hata kijana wa sekondari. Baada ya muda mfupi mdogo analia, maana ameona picha ya maiti. Wa kati amekwama, maana kimeandikwa kwa Kiingereza. Mkubwa amekitupa pembeni, maana anaona ni cha kitoto. Kitabu chenyewe ni kizuri tu. Kimekosa mwenyewe.

Tena vitabu hivi vingi vinatoka Ulaya. Hatusemi Ulaya yetu ya hapa wilayani, kata ya Ulaya. Tunasema Ulaya ya ng'ambo. Vinakuja kwenye maboksi, vingi ni vya msaada, na aliyeviandika hakuwa akimfikiria mtoto wa Kimamba wala wa Kidodi. Vya Kiswahili juu ya jambo hili ni vichache. Basi kazi ya kuchuja ni yetu sisi wazazi. Na mtu hachuji asichokijua. Kwa hiyo hebu kwanza tujue kidogo sisi wenyewe.

JE, PIRAMIDI NI NINI?

Piramidi ni kaburi la mfalme. Ni jengo la mawe, chini pana, juu limechongoka. Hapo zamani wakubwa wa Misri walizikwa chini ya jengo fupi lenye umbo la baraza. Waarabu hata leo huliita mastaba, maana yake ni baraza ya kukalia, kama hii ya udongo iliyo mbele ya nyumba zetu. Halafu, yapata mwaka 2650 K.K., yaani kabla ya Kristo, mfalme mmoja aliyeitwa Djoser alijengewa kaburi mahali paitwapo Saqqara. Msimamizi wa kazi anatajwa kuwa Imhotep. Wakajenga baraza, na juu yake baraza nyingine ndogo zaidi, na nyingine tena, mpaka zikawa sita. Hiyo ndiyo piramidi ya kwanza, nayo ina ngazi.

Aliyefuata kwa sifa ni mfalme Sneferu. Huyu alitaka piramidi isiyo na ngazi, yenye mteremko ulionyooka. Haikuwa rahisi. Moja walianza kuipandisha kwa mteremko mkali, na walipofika katikati wakaona hatari, wakapunguza mteremko. Mpaka leo imesimama pale Dahshur, imepinda kiunoni. Baadaye wakajenga nyingine, ikafaulu. Mwanawe Sneferu aliitwa Khufu. Huyo ndiye mwenye ile piramidi kubwa ya Giza, iliyojengwa yapata 2560 K.K.

Ukubwa wake ni upi? Vitabu vinasema mita 146 kwenda juu wakati ilipokuwa mpya. Sasa imebaki kama mita 138, maana mawe ya juu yameondoka. Kila upande una urefu wa mita 230. Lakini mita hazimwambii mtoto kitu. Mwambie hivi: kiwanja ilichokalia piramidi ile ni kama eka 13. Mkumi mkubwa, ule mti uliouupa mji wa Mikumi jina, tuseme una mita 20. Panga mikumi saba, mmoja juu ya mwingine, ndipo unakaribia kileleni. Mawe yake yanakadiriwa kuwa 2,300,000, na jiwe moja kwa wastani lina tani mbili na nusu. Hayo ni magunia 25 ya mahindi, la kilo mia kila gunia, yameshikana yakawa kitu kimoja. Lori la tani kumi lingebeba mawe manne tu kwa safari. Lingehitaji safari 575,000. Na hawakuwa na lori. Hawakuwa na vyombo vya chuma pia. Walikuwa na patasi za shaba, mawe magumu ya kupondea, kamba, magogo, mashua, na nguvu za watu.

Watoto wetu wa Kilosa wameona reli mpya ikijengwa na milima ikitobolewa ili treni ya umeme ipite. Tangu mwaka 2024 wanaiona ikipita na abiria. Wanajua kazi kubwa ilivyo, na mitambo yake wameiona. Mtoto kama huyo ukimwonyesha picha ya piramidi atauliza swali moja tu: waliwezaje? Kitabu kisichojibu swali hilo kiacheni, hata kama kina rangi za kupendeza.

MTOTO ASIYEJUA KUSOMA BADO

Mtoto wa miaka minne, mitano, sita, hana haja na majina ya wafalme wala miaka. Anahitaji picha kubwa, chache, zinazoeleweka mara moja. Ngamia, mashua, mto, watu wanavuta jiwe. Kurasa ziwe nene, maana atazivuta. Maneno yawe machache, au yasiwepo kabisa.

Hapa mzazi mwanakisomo asiogope Kiingereza. Kitabu cha picha huhitaji kukisoma. Unamwuliza mtoto: "Huyu anafanya nini? Kwa nini wamefunga kamba? Jiwe hili linakwenda wapi?" Naye atakujibu, tena atasema mambo ambayo mwandishi hakuyawaza. Halafu mpe maboksi ya kiberiti, au udongo wa mfinyanzi, apange baraza juu ya baraza. Ndivyo Imhotep alivyofanya, nasi hatuoni njia bora ya kumfundisha mtoto wa umri huo.

Jambo la kuangalia ni picha za maiti. Vitabu vingi vya Misri vina picha hizo, kwa sababu wazungu wanazipenda sana. Picha ya uso uliokauka, meno nje. Kwa mtoto mdogo haifai. Atalala na taa. Zifungue kurasa zote wewe mwenyewe kwanza, ukikuta picha hiyo mahali pa wazi, kitabu hicho kiweke juu, umpe baada ya miaka mitatu minne.

NENO MUMIANI

Hapa tukae kidogo, maana pana jambo.

Wamisri wa kale walikausha maiti za wakubwa wao. Walitoa viungo vya ndani, wakazika mwili katika magadi kwa siku nyingi mpaka ukakauka, wakaupaka mafuta na utomvu wa miti, wakauviringisha sanda nyembamba nyembamba. Waliamini kwamba marehemu atauhitaji mwili wake huko aendako. Basi maiti hiyo kwa Kiingereza ina jina lake, na jina hilo asili yake ni neno la Kiajemi na Kiarabu, mumia. Ndilo neno letu sisi, mumiani.

Ndiyo, ni lile lile. Mumia hapo mwanzo ilikuwa lami nyeusi iliyotoka kwenye miamba ya Uajemi, watu wakaitumia kama dawa ya mifupa iliyovunjika. Wageni walipoziona maiti za Misri, nyeusi kwa utomvu, wakadhani zimepakwa lami hiyo, wakaziita kwa jina la dawa. Huko Ulaya ikawa balaa: kwa mamia ya miaka walisaga maiti za Misri wakaziuza dukani kama dawa, na wagonjwa wakanywa. Huku pwani kwetu neno lilikuja na majahazi, nalo likiwa na maana ya dawa nyeusi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba dawa ile inatokana na damu ya binadamu. Kutoka hapo mumiani akawa mtu, mnyonya damu wa usiku.

Kwa nini tunalisema hili katika mazungumzo ya vitabu vya watoto? Kwa sababu hofu hii imeua. Mwaka 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, mkoa jirani wa Dodoma, watu watatu waliuawa, watafiti wawili wa mambo ya kilimo na dereva wao. Walikuwa wamekwenda kuchukua udongo wa kupima. Wanakijiji walidhani ni wanyonya damu. Udongo wa kupima! Ambao faida yake ingemrudia mkulima.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kwa mtoto mdogo msitumie neno mumiani hata kidogo. Semeni maiti iliyokaushwa. Lakini mtoto akifika miaka kumi na mbili au zaidi, mwambieni habari yote kama tulivyoisema, tangu lami ya Uajemi mpaka Iringa Mvumi. Hakuna kitabu cha kigeni kitakachomwambia jambo hilo. Mtanzania peke yake ndiye anayeweza, na mzazi ana nafasi nzuri kuliko mwalimu mwenye watoto themanini darasani.

DARASA LA PILI HADI LA NNE

Watoto hawa wanasoma, ila wanachoka upesi. Wanataka hadithi. Wanataka mtu, tena ikiwezekana mtoto mwenzao, siyo maelezo matupu. Kitabu kizuri kwao ni kile kinachofuata siku moja ya mtoto wa fundi mawe: amekula nini, baba amekwenda wapi, mto umejaa, mashua imefika. Sentensi ziwe fupi. Herufi ziwe kubwa.

Namna ya kupima ni rahisi. Fungua ukurasa wa katikati, mwambie mtoto asome kwa sauti. Kila neno analokwama, kunja kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu bado ni kizito kwake. Akisoma bila kukunja hata kidole kimoja, huyo amekwisha kukipita, mpe kingine. Na wewe mzazi waweza kujipima hivyo hivyo, hakuna anayekuona.

Watoto wa umri huu ndio wanaopenda vichekesho, na piramidi zina vichekesho vya kweli. Wafanyakazi waligawanywa katika makundi, na makundi yalikuwa na majina, kama timu za mpira. Majina hayo yameonekana yameandikwa kwa rangi juu ya mawe, mahali ambapo hapakutakiwa kuonekana. Kundi moja lilijiita Marafiki wa Khufu. Jingine, katika piramidi ya mfalme Menkaure, lilijiita Walevi wa Menkaure. Mtoto akisikia hilo hatasahau kwamba waliojenga walikuwa watu.

Jambo moja litamchanganya mtoto wa Kilosa. Vitabu vyote vinasema Mto Naili ulifurika kila mwaka, na watu wakafurahi. Mtoto wetu amesikia habari za mto Mkondoa. Amesikia habari za mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010, nyumba zilivyoanguka na watu wengi wakalala kwenye mahema. Atauliza, wanafurahia nini? Mweleze. Mafuriko ya Naili yalikuja majira yanayojulikana, yakapanda polepole, yakaacha tope lenye rutuba shambani. Maji mengi ya mafuriko hayo yalitoka milima ya Ethiopia. Wakulima waliyangoja kama sisi tunavyongoja mvua za kupandia. Yalipopungua kupita kiasi ilikuwa njaa. Siku hizi hayapo tena, tangu lilipokamilika bwawa kubwa la Aswan mwaka 1970.

Na usisahau kumwonyesha ramani. Kama kitabu hakina ramani ya Afrika nzima, kina upungufu. Mto huo mkono wake mmoja unatoka Ziwa Viktoria, ambalo nusu yake ni letu. Maji ya Kagera yanapita huko. Mtoto aweke kidole Bukoba, akivute mpaka Giza.

HABARI ZA FIRAUNI

Wazazi wengi, Wakristo na Waislamu, habari za Misri tumezijua kanisani na msikitini. Tunamjua Nabii Yusufu, tunamjua Nabii Musa na Firauni. Kwa hiyo kitabu cha piramidi kikiingia nyumbani, tunamwambia mtoto: "Hizi zilijengwa na Wana wa Israeli walipokuwa utumwani." Wapo waandishi pia waliosema hivyo, na picha zao zinaonyesha watu wamefungwa minyororo, wanapigwa mijeledi.

Tusome vizuri. Kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, kinasema Waisraeli walifanya kazi ya udongo na matofali, wakajenga miji ya kuwekea akiba, Pithomu na Ramesesi. Piramidi haitajwi. Na ile ya Khufu ni ya mawe. Wataalamu wengi wanaoipangia habari ya Musa karne, huipangia karne ya 13 K.K. Wakati huo piramidi ya Khufu ilikuwa imekwisha kukaa zaidi ya miaka elfu moja. Vilevile zamani watu wa Ulaya walisema piramidi ni ghala za Yusufu za nafaka. Haiwezekani, maana ndani karibu pote ni mawe matupu, vyumba ni vidogo. Hata mahindi ya kijiji kimoja yasingeenea.

Hatumwondolei mtu dini yake. Tunasema tu kwamba dini yenyewe haikusema jambo hilo, watu ndio waliolisema.

Basi nani alijenga? Kuanzia mwaka 1990 makaburi ya wafanyakazi yalifukuliwa karibu na piramidi za Giza. Mji wao nao umefukuliwa: mahali pa kuoka mikate, mifupa mingi ya ng'ombe na mbuzi waliyokula. Mifupa ya wafanyakazi wenyewe inaonyesha migongo iliyoumia kwa kazi, na mikono iliyovunjika ikaungwa vizuri na kupona. Mtumwa asiye na thamani hauungwi mkono wake, wala hazikwi kando ya kaburi la mfalme. Walikuwa Wamisri, mafundi wa kudumu pamoja na wakulima walioitwa kwa zamu. Msiambiwe kwamba ilikuwa raha. Ilikuwa kazi ya amri ya mfalme, na mfalme hakuuliza nani anataka. Sisi tulio na wazee waliokatwa kodi ya kichwa na kupelekwa mashamba ya mkonge tunaijua tofauti ndogo iliyopo kati ya kuitwa na kulazimishwa. Kitabu kinachosema wote walikuwa watumwa kimepitwa na wakati. Kinachosema wote walikuwa wanaimba kwa furaha nacho kinadanganya.

WAKUBWA, NA MWAKA WA KUCHAPWA

Sasa twende kwa watoto wa miaka kumi na moja na kuendelea. Kwao kuna jambo la kwanza kabla ya yote: fungua kurasa za mwanzo, tafuta mwaka kitabu kilipochapwa. Umeandikwa kwa tarakimu, huhitaji Kiingereza. Kitabu kilichochapwa kabla ya 1990 hakiwezi kuwa na habari za makaburi ya wafanyakazi. Kilichochapwa kabla ya 2013 hakiwezi kuwa na habari za Merer.

Merer ni nani? Huyu, ndugu wanakisomo, ni mwenzetu. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walipata makaratasi ya mafunjo mahali paitwapo Wadi al-Jarf, ufukoni mwa Bahari ya Shamu. Ni ya zamani kuliko mafunjo mengine yote yenye maandishi yanayojulikana duniani. Ndani yake mna daftari la kazi la Merer, mkuu wa kundi la mabaharia, siku za mfalme Khufu. Merer aliandika kila siku: leo tumepakia mawe Tura, leo tumesafiri, leo tumelala mahali fulani, leo tumefika Giza. Kila siku kumi walikwenda na kurudi mara mbili au tatu. Hakuwa mfalme wala kuhani. Alikuwa msimamizi wa kazi anayejua kuandika, kama karani wa mizani anayeandika kilo za miwa kule Ruhembe. Kwa sababu aliandika, leo, baada ya miaka zaidi ya 4,500, tunajua mawe yalivyopita.

Mwaka 1970 ulipotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wapo wazee walioona haya kushika kalamu. Sisi tunapenda wamsikie huyu Merer.

Watoto wa umri huu wanapenda kujua kwa jinsi gani. Wape vitabu vyenye michoro ya kazi. Kipo kimoja cha Kiingereza cha David Macaulay, kilichotoka mwaka 1975, kinachoonyesha kwa michoro piramidi ikipanda hatua kwa hatua, tangu kupima kiwanja. Ni cha kabla ya 1990, ndiyo, lakini michoro yake mtu anaielewa hata asiposoma neno. Kwa habari ya maiti kipo cha Aliki cha mwaka 1979, kinachoeleza kwa picha za kuchora jinsi Wamisri walivyokausha maiti. Picha za kuchora hazitishi kama za kamera. Lakini hata hivyo tungekingoja mtoto afike miaka tisa, kumi.

Kitabu kizuri humtuma mtoto akajaribu. Katika kaburi moja la Misri la yapata 1900 K.K. kuna picha ya watu wanavuta sanamu kubwa juu ya gari lisilo na magurudumu, na mtu mmoja anamwaga maji mchangani mbele yake. Watu walidhani ni mambo ya ibada tu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walijaribu, wakaona mchanga ukiloweshwa kwa kiasi, nguvu ya kuvuta inapungua karibu nusu. Maji yakizidi, faida inapotea. Watoto wetu wana mchanga wa Mkondoa bure. Wafunge jiwe juu ya kipande cha ubao, wavute mchanga ukiwa mkavu, halafu ukiwa na unyevu, halafu ukiwa tope.

Na hesabu wafanye. Mawe 2,300,000 kwa miaka 20, ni mangapi kwa siku? Jibu ni kama 315. Kwa kazi ya saa kumi, ni jiwe moja kila baada ya dakika mbili. Kijana akipata jibu hilo mwenyewe, atakaa kimya kidogo.

Halafu wapo waandishi wanaosema piramidi zilijengwa na viumbe kutoka kwenye nyota. Vijana wanavipenda mno vitabu hivyo, na picha za namna hiyo zimejaa kwenye simu. Tumewasikia Mikumi, wamezipata huko huko stendi. Msiwagombeze. Waulizeni maswali. Kama ni watu wa nyota, kwa nini ile ya Dahshur ilipinda? Wenye vyombo vya kuruka angani hawakujua kupima mteremko? Kwa nini walihitaji mikate? Kwa nini Merer hakuwaona? Na swali la mwisho ndilo zito: makanisa makubwa ya mawe ya Ulaya, mbona husikii sana kwamba yamejengwa na watu wa nyota? Inakuwaje mashaka yanaangukia Afrika?

Hapo ndipo kijana asome pia habari za Sudan. Wafalme wa Kushi, waliotawala hata Misri yenyewe kwa muda, walijenga piramidi zao Nuri, Meroe na mahali pengine. Zinapita 200, nyingi kuliko za Misri. Ni ndogo, zina mteremko mkali. Vitabu vingi vinaziruka. Ukikuta kitabu chenye Meroe, kichukue hata kama jalada limechanika. Na kama kimechanganya mambo na kusema Tutankhamun alizikwa ndani ya piramidi, ujue mwandishi hakutafuta: kaburi la kijana huyo, lililofunguliwa mwaka 1922, limechimbwa katika mwamba wa Bonde la Wafalme.

KUHUSU KIINGEREZA, NA KUHUSU MABINTI

Mtoto wa sekondari anayesoma kwa Kiingereza awe mkalimani wa nyumbani. Jioni moja asome ukurasa mmoja, awasimulie wadogo zake na wazazi kwa Kiswahili. Itamsaidia yeye kuliko wao. Mzazi akiona maneno hayaungani, amwulize. Mtu anayeelewa hushindwi kumwelewa.

Tunaona pia daftari letu la kuazima. Majina ya wavulana ni mengi, ya wasichana machache, na si kwamba hawapendi. Saa ya kusoma ndiyo saa ya maji na kuni. Akina baba, mkimtuma binti kisimani kila jioni na kaka yake yuko na kitabu, hakuna kitabu tutakachomchagulia kitakachomfaa.

MPANGO WETU

Vitabu vikubwa vya picha havitoki chumbani. Vinasomwa hapo hapo Jumamosi, mikono ikiwa safi. Vidogo vinaazimwa kwa wiki mbili. Kifungeni kwa gazeti au karatasi ya kaki, msikiweke sakafuni, mchwa wa Kilosa hauulizi kama ni kitabu cha mfalme. Anayesafiri kwenda Morogoro mjini apite maktaba ya mkoa, aulize vitabu vya watoto juu ya Misri, Sudan na hata Kilwa yetu, atuletee majina na miaka ya kuchapwa.

Wenzetu wa Mikumi watapata boksi lao kwa basi, lina vitabu kumi na moja. Vitatu vina picha za maiti za kamera, tumevifunga kwa uzi mwekundu, wakubwa tu. Boksi lirudi kabla masika hayajaanza, maana barabara ikiharibika litakaa huko mpaka Juni, na wa Rudewa wamekwisha kujiandikisha.